Hanang Hupangwa Kuanzia Jioni

Ukitoka Babati kwa barabara ya lami iendayo Singida, Mlima Hanang huonekana mapema sana, umesimama peke yake juu ya tambarare, na ukifika Katesh unaukuta umeziba upande mzima wa anga. Ni volkano ya zamani yenye urefu wa zaidi ya mita 3,400, wa nne Tanzania baada ya Kilimanjaro, Meru na Loolmalasin. Chini una mashamba ya mahindi na alizeti, katikati msitu, na juu mgongo mrefu wa mawe na majani mafupi, usio na mti wa kujikinga upepo wala jua.

Wengi huupanda na kuushuka kwa siku moja, na ugumu wake uko hapo. Kilimanjaro hupandwa kwa siku tano na kuendelea, wapishi na wapagazi wakibeba mahema, na msafiri akichoka hulala alipofika. Hanang haina kituo cha namna hiyo. Anayeondoka alfajiri bila mzigo wa kulalia hana budi kuwa chini kabla ya giza, awe amefika kileleni au hakufika.

Mwandishi wa makala haya, mwanamke wa makamo, alijifunza kuuhesabu mlima huo mezani, usiku wa kuamkia safari, katika ukumbi wa gesti mjini Katesh. Ilikuwa Julai, miaka kadhaa kabla ya maporomoko ya udongo ya 2023. Alikuwa na wenzake wawili: mwalimu wa sekondari aliyezoea kukimbia kila asubuhi, na binti muuguzi aliyekuja likizo kutoka Dodoma. Mwongozaji wao, kijana wa Kibarbaig kutoka Jorodom, kijiji ambako njia ya kusini huanzia, alifika baada ya magharibi, shuka begani na katambuga miguuni. Akatoa shikamoo kwa wakubwa, akavuta kiti. Mwalimu akamuuliza kesho watoke saa ngapi.

Kijana akamgeukia mwandishi, aliyekuwa mkubwa kuliko wote pale.

“Mama, mnataka muwe mmerudi hapa chini saa ngapi? Tuanzie hapo, ndiyo tutajua saa ya kutoka.”

Karatasi ikatolewa. Mwezi Julai, upande huu wa nchi, jua huzama baada ya saa kumi na mbili na nusu jioni, na kwa kuwa ikweta haiko mbali giza halichelewi. Nusu saa baadaye mtu haoni jiwe analolikanyaga. Mwongozaji akaandika saa kumi na moja jioni kuwa saa ya kufika kijijini, ili ibaki saa moja na nusu ya akiba. Kushuka, akasema, ni saa tano kwa watu wasiouzoea mlima huu. Hesabu ikarudi hadi saa sita mchana. Kupanda ni saa sita, pengine saba. Hesabu ikarudi hadi saa kumi na moja alfajiri, na hiyo ni saa ya kuwa mmeshasimama mwanzo wa njia, si ya kuanza kutafuta bodaboda mjini.

Kisha akaipigia saa sita mchana mistari miwili.

“Hii ndiyo ya kugeuka. Mkiwa kileleni mtageuka, na mkiwa bado kidogo mtageuka vilevile. Tukubaliane sasa hivi, tumeshiba na tuna akili zetu.”

Mwalimu hakuridhika mara moja. Aliijua kanuni ambayo Mskoti William Naismith aliiandika mwaka 1892, na ambayo wapanda milima wa Uingereza wanaitumia hadi leo: saa moja kwa kila kilomita tano za mwendo, na saa moja ya ziada kwa kila mita 600 za kupanda. Kutoka vijiji vya chini hadi kilele cha Hanang ni zaidi ya mita 1,500, yaani saa mbili na nusu za kupanda, kisha umbali wa njia yenyewe uongezwe. Kwa vyovyote alivyopiga hesabu, alipata muda mfupi kuliko wa mwongozaji.

Kanuni ile ni nzuri, lakini ilitungwa kwa milima ya Uskoti, ambako mrefu kuliko yote, Ben Nevis, una mita 1,345. Hewa ya pale ni ileile ya chini. Kuanzia mita 2,500 hivi miili ya watu wengi huanza kuhisi upungufu wa oksijeni: kichwa kinagonga, hamu ya chakula inaondoka, hatua zinafupika. Kwenye kilele cha Hanang kanieneo ya hewa ni kama theluthi mbili ya ile ya pwani. Na Naismith alimhesabia mtu mwenye afya njema anayetembea bila kusimama. Hakumhesabia anayepanda mwamba kwa mikono miwili, wala anayekanyaga changarawe inayomrudisha nyuma. Kanuni za vitabuni humsaidia mtu kukataa mpango usiowezekana kabisa. Saa halisi za mlima fulani anazijua aliyeupanda na watu wa kila umri, kisha akawashusha, na huyo usiku ule alikuwa ameketi mbele yao na kalamu.

Baada ya saa wakaingia kwenye maji. Juu ya msitu, njia ya Jorodom haina chemchemi wala kijito cha kutegemea, hasa kiangazi. Kila mtu alitakiwa abebe lita nne, na lita moja ni kilo moja, kwa hiyo mzigo wa kila mmoja ulikuwa kilo nne kabla ya kuweka chochote kingine. Muuguzi aliongeza pakiti za ORS, dawa ileile ya kuzuia kukaukiwa maji wanayopewa wagonjwa wa kuhara, kwa sababu anayetoka jasho siku nzima hupoteza chumvi pamoja na maji. Chakula kilikuwa viazi vitamu vya kuchemsha, mayai, karanga na chapati: vitu visivyoharibika upesi, vinavyolika mtu akiwa amesimama. Nusu lita kwa kila mtu ilifungwa kando isiguswe hadi warudi msituni. Ushauri huu wa mwisho unastahili kukaziwa. Watu wengi hunywa maji yote wakipanda kwa sababu kilele ndicho kilichojaa akilini mwao, kisha wanashuka mchana mzima, juani, na chupa tupu.

Baridi nayo ilihesabiwa. Joto hupungua takriban nyuzi sita za Selsiasi kwa kila mita 1,000 za kupanda, kwa hiyo kati ya kijijini na kileleni kuna tofauti ya karibu nyuzi kumi, na upepo wa mgongoni huifanya ihisike kubwa zaidi. Mtu aliyelowa jasho akisimama dakika kumi kwenye upepo ule huanza kutetemeka hata jua likiwaka. Kwa hiyo kila mmoja alifunga sweta na koti la mvua ndani ya mfuko wa plastiki, pamoja na tochi ya kichwani, hata yule aliyeapa kwamba watarudi mapema.

Kuhusu mvua, mwongozaji hakuwa na mjadala. Yeye hapandi na wageni siku moja wakati wa mvua kubwa. Kiangazi cha Juni hadi Oktoba ndicho kinachofaa. Kuanzia Novemba mawingu hujikusanya kila mchana na radi huja nayo. Watu wa Kanda ya Ziwa na wa nyanda za kati hawahitaji kuelezwa radi ni nini. Oktoba 2018, radi iliua wanafunzi sita katika shule moja mkoani Geita, nao walikuwa darasani. Kwenye mgongo wa mlima usio na miti, binadamu ndiye kitu kirefu kuliko vyote, na akijificha chini ya mwamba ulioinama au kwenye pango fupi hajaokoka, kwa kuwa umeme hutambaa juu ya jiwe na kuruka kwenye uwazi kama huo. Kinachobaki ni kushuka upesi, watu wakiachiana nafasi ili wakipigwa wasipigwe wote. Lakini kushuka kutoka kwenye mgongo wenyewe huchukua muda mrefu kuliko wingu linavyochukua kufika. Ndiyo maana saa ya kugeuka iliwekwa adhuhuri, kabla ya saa ambazo mawingu ya mchana huwa mazito, hata katika mwezi ambao hakuna aliyetegemea mvua.

Alfajiri walianza kwa tochi, kupita mashamba na majogoo wanaowika, wakaingia msituni. Msitu wa Hanang uko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS, na kibali cha kupanda hutoka huko. Kipande hicho cha njia ni kikali lakini kina kivuli, na watu hukipita wakizungumza. Mwongozaji alimzuia mwalimu asitangulie. Aliweka mwendo wa polepole, ule ambao mtu anaweza kuongea sentensi nzima bila kutweta, na hakuubadilisha.

Miti ilipoisha, mlima ukawa mwingine. Udongo ukawa mwembamba, kisha mawe. Mbele yao palisimama kilele, kimechongoka, karibu kabisa, na wote watatu waliamini ndicho. Kilikuwa kilele cha mbele tu. Walipokifikia, mgongo ukajifunua nyuma yake: ukaporomoka kidogo, ukapanda, ukaporomoka tena, miamba kwa miamba, hadi kwenye nundu nyingine mbali upande wa pili, na ile ndiyo Hanang yenyewe. Saa ya muuguzi ilionyesha saa sita kasorobo. Ukungu ulikuwa unapanda kutoka upande wa kaskazini na kumwagika juu ya mgongo, ukifunika njia kwa dakika chache, kisha ukiifunua.

Hapo ndipo mpango hupimwa. Mwalimu alikuwa na nguvu bado na alisema wazi kwamba inauma kurudi wakati unakiona unachokitafuta. Alikuwa na haki ya kuumia. Alikuwa amesafiri, amelipa, ameamka usiku. Mwongozaji hakumbishia. Aliitoa ile karatasi ya jana mfukoni, akampa aisome mwenyewe. Kutoka pale hadi kilele cha mwisho, kwa mwendo wao, ilikuwa zaidi ya saa nzima kwenda tu. Wakala chapati, wakanywa, na saa sita kamili wakageuka.

Wasomaji wa habari za Everest watakumbuka Mei 1996, wakati watu wanane walipokufa ndani ya dhoruba moja. Katika kundi lililoongozwa na Rob Hall kutoka New Zealand, saa nane mchana ilikuwa imetajwa kuwa mwisho wa kupanda. Saa nane ilipita watu bado wakiwa njiani kwenda juu, na Hall mwenyewe alikuwa kileleni na mteja wake wa mwisho baada ya saa kumi. Wote wawili hawakurudi. Hall alikuwa miongoni mwa waongozaji wenye uzoefu mkubwa wa mlima ule, na saa waliijua. Lakini saa iliyotajwa bila kushikwa hubaki maneno, na penye kilele kinachoonekana ni rahisi sana kujiongezea nusu saa, kisha nyingine.

Hanang si Everest. Hata hivyo kushuka kuliwaonyesha ile saa moja na nusu ya akiba ilikuwa ya nini. Changarawe iliteleza chini ya viatu. Sehemu ambazo asubuhi walizipanda kwa kushika jiwe, sasa ziliwataka wageuze uso ukutani na kutafuta pa kukanyaga kwa kupapasa. Goti la muuguzi likaanza kuvimba kabla hawajafika msituni. Mwongozaji akamkatia fimbo mbili, akapokea mzigo wake, na kundi zima likafuata mwendo wa goti lile. Saa tano zikawa saa sita hivi. Waliziona nyumba za kwanza jua likiwa bado linaangaza mabati, na tochi hazikutoka mfukoni. Kama wangeendelea hadi nundu ya mwisho, wangekuwa msituni gizani na mtu mmoja asiyeweza kukunja goti. Kwa matokeo kama hayo magazeti huandika “ajali”, wakati maamuzi yake yalikuwa yamefanyika mchana kweupe.

Walirudi mwaka mwingine, Septemba. Hawakubadilisha saa ya kugeuka. Walibadilisha saa ya kuondoka, wakaanza saa nane usiku chini ya mwezi, kwa mwongozaji yuleyule, na msitu wote wakaupita kabla ya mapambazuko. Saa nne asubuhi walikuwa juu ya kilele cha mwisho, hewa ikiwa safi. Chini kaskazini Ziwa Balangida lilikuwa jeupe kwa magadi na chumvi, likikumbatia ukuta wa Bonde la Ufa. Magharibi ilikuwa nchi ya Basotu, ambako kuanzia miaka ya 1970 mashamba makubwa ya ngano yalilimwa kwa msaada wa Kanada, ekari zipatazo 100,000 za malisho ya Wabarbaig. Mwongozaji alionyesha kwa fimbo mahali ambako babu yake alichungia. Kesi ya ardhi hiyo, ya kijiji cha Mulbadaw dhidi ya NAFCO, shirika la umma lililolima ngano ile, ilizunguka mahakamani miaka ya 1980, na kuyatazama mashamba yale ukiwa mita elfu moja na zaidi juu yake hueleza ukubwa wa jambo lile kuliko hukumu yoyote iliyochapishwa. Walikaa kwa muda mrefu, kwa sababu walikuwa nao. Mwalimu alipiga picha chache, akalala kifudifudi juu ya jiwe lenye joto akitazama bondeni.

Mlima wenyewe umebadilika tangu siku hizo. Asubuhi ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya mteremko wa Hanang ilimeguka. Tope, mawe na magogo yalishuka hadi Katesh, Gendabi na maeneo jirani, yakabeba nyumba na watu. Waliofariki walikuwa zaidi ya 80. Uvumi ulienea kwamba volkano imeamka. Wataalamu wa serikali walieleza kwamba haikuwa hivyo, bali miamba laini ilikuwa imenyonya maji hadi ikashindwa kusimama. Kwa anayepanga kupanda, maana yake ni kwamba ramani ya zamani, simulizi za zamani na hata makala haya hayatoshi kumwonyesha njia. Makorongo yamechimbika upya, na mteremko uliomeguka mara moja huweza kumeguka tena mvua ikizidi. Watu wa vijiji vile wanazijua sehemu hizo kwa majina ya waliowazika.

Kwa hiyo anayetaka kwenda msimu ujao wa kiangazi aanzie ofisi ya TFS, aulize ni njia ipi iliyo wazi, kisha achukue mwongozaji wa kijijini na kupanga naye saa ya kurudi jioni moja kabla. Na jambo moja lisisahaulike katika mapatano: mwongozaji alipwe siku yake nzima, kilele kifikiwe kisifikiwe, na aambiwe hivyo mapema, mbele ya wote. Anayejua kwamba malipo yake hayategemei kilele atasema “tugeuke” saa ikifika.